Motokaa Iliyotoka kwa Fundi Ikilia Nyuma

(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva na wenye magari wa Kitui na Makueni)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo kila mwenye gari katika nchi yetu hii ya Ukambani amelipata au atalipata. Gari limekwenda kwa fundi, limefanyiwa kazi upande wa nyuma, fedha zimelipwa, nalo likirudi barabarani latoa sauti ambayo halikuwa nayo. Mwenye gari husema, “Fundi, gari lalia.” Fundi hujibu, “Mzee, hizo ni gia mpya, zitazoeana.” Basi mzee huenda zake, naye hajui kama ameambiwa kweli au ameondolewa mlangoni.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufasiri. Vitabu vya matengenezo vilivyoandikwa kwa Kiingereza huletwa mezani pangu nami huvitia katika Kiswahili. Kwa ajili ya kazi hiyo imenilazimu kukaa siku nyingi ndani ya gereji, kalamu mkononi, nikiuliza kitu hiki chaitwaje na kile chafanya nini, maana hawezi mtu kufasiri jina la chuma asichopata kukiona. Haya nitakayosema yametoka katika vitabu hivyo na vinywani mwa mafundi hao, na pale walipohitilafiana nimefuata kitabu.

Msidhani ya kuwa jambo hili ni la kelele tu. Injini ikifa njiani, gari husimama na watu huteremka wakinung’unika. Lakini ekseli ya nyuma ikishindwa, gurudumu laweza kutoka pamoja na dramu yake ya breki, na gari la abiria 14 likajikuta katika mteremko wa Mbooni au wa Kilungu likiwa na magurudumu matatu na breki zilizopungua nguvu. Na mara nyingi kabla ya kufika hapo ekseli huwa imekwisha kusema. Imevuma, imegonga, imetoa harufu, imetoa oili. Yatupasa tujifunze lugha yake.

Kwanza tutazame kilichomo. Ndani ya ile bakuli kubwa ya chuma iliyo katikati ya ekseli, ambayo mafundi kutoka Mwingi hata Mtito Andei huiita difu, mna gia mbili zilizo kuu. Pinioni ni ndogo, nayo huzungushwa na propela itokayo mbele. Krauni ni kubwa kama sahani, nayo hupokea mzunguko huo na kuugeuza uende kwenye magurudumu. Pinioni huzunguka mara nne hivi, pungufu kidogo au zaidi kidogo, ndipo krauni izunguke mara moja. Kando ya krauni, ndani ya kasha lake, mna gia nyingine ndogo ndogo ambazo faida yake huonekana kwenye kona: gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na gia hizo huliruhusu kukimbia zaidi ya mwenzake. Akili hii ni ya zamani. Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, aliipatia hati ya uvumbuzi katika miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke, kabla ya motokaa ya petroli kuzaliwa.

Kutoka kwenye difu hutoka vyuma viwili virefu, kimoja kila upande, viitwavyo hafushafti. Hapa naomba masikio yenu, maana ekseli si za namna moja. Katika malori mengi gurudumu hubebwa na beringi mbili zilizokaa juu ya bomba la ekseli lenyewe, nayo hafushafti huzungusha tu, haibebi uzito. Utaitambua kwa lile bamba la duara lenye bolti nyingi katikati ya gurudumu la nyuma. Lakini katika magari kama Toyota HiAce na pikapu nyingi, hafushafti yenyewe ndiyo hubeba gurudumu. Imeshikwa na beringi moja iliyoshindiliwa juu yake, na nyuma ya beringi mna pete ya chuma iliyoshindiliwa vilevile kuzuia isichomoke. Pete hiyo ni ndogo, bei yake si kubwa, na maisha ya watu waliomo garini yameshikwa nayo. Wenye Probox zivutwazo na magurudumu ya mbele wasitafute difu huko nyuma. Kwao mna beringi na breki tu, na mambo mengine nitakayosema hayawahusu.

Sasa gari limetoka gereji nalo lalia. Kabla ya kufungua nati hata moja, uliza swali hili: ni kitu gani kilichoguswa? Kama fundi alibadili springi, usianze na krauni. Kama alifungua difu, usianze na matairi. Sababu iliyo karibu na mkono wa fundi ndiyo ichunguzwe kwanza, na nyingi huonekana pale pale. Walakini tusimwonee fundi. Yako magari yaliyokuwa na beringi mbovu miezi mingi, ila ekzosi iliyotoboka ilikuwa ikiifunika sauti yake. Ekzosi ikazibwa, beringi ikasikika, na fundi akaitwa mharibifu. Kwa hiyo jambo la pili ni kulijaribu gari kwa utaratibu, watu wawili pamoja, mmoja akiendesha na mwingine akisikiliza na kuandika. Fundi mwenyewe akikubali kuketi nyuma na kusikiliza, ni vema zaidi, na fundi anayekataa kuketi ndani ya gari alilolitengeneza amekwisha kukupa jibu fulani.

Endesheni kilomita kumi au kumi na tano ili oili ipate joto, kisha tafuteni mahali paliponyoka pasipo na magari mengi. Barabara ya Kibwezi, Mutomo na Kitui, ambayo imetiwa lami katika miaka hii ya karibuni, ina sehemu nyingi zifaazo. Barabara kuu ya Mombasa haifai. Malori yake hayatakungoja usikilize. Hapo mfanye mambo matatu kwa mwendo ule ule mmoja. Kanyaga mafuta ili gari livute. Kisha ondoa mguu ili gari lisukumwe na uzito wake. Kisha shikilia mafuta kidogo tu, gari lisivute wala lisizuiwe. Kila mara mwandishi aandike: sauti ipo, haipo, imeongezeka, imepungua.

Wafasiri tuna taabu na sauti, kwa sababu Kiingereza kina maneno yake na Kiswahili kina yake, tena mafundi wana ya kwao wenyewe. Hata hivyo nimeona ya kuwa Kiswahili hakikosi kitu hapa. Kuvuma si kunguruma, kunguruma si kugonga, na mwenye gari akitumia neno lililo sawa humwokolea fundi nusu ya kazi.

Kuvuma ni sauti nyembamba kama ya nyuki ndani ya mzinga. Ikiwa difu yavuma gari likivuta na kunyamaza likiachiwa, au ikanyamaza likivuta na kuvuma likiachiwa, shaka ya kwanza ni krauni na pinioni: meno hayakukutana mahali pake. Basi ikiwa difu ilifunguliwa, kazi haikuisha. Fundi mwema hupaka rangi kidogo kwenye meno ya krauni, huizungusha kwa mkono, kisha hutazama alama iliyoachwa na pinioni. Alama ikikaa katikati ya jino, vema. Ikikaa kwenye ncha, au shinani, au upande mmoja, yampasa aongeze au apunguze zile pete nyembamba za kupimia. Gia kama hizi hazizoeani kwa kupuuzwa. Ni kweli gia mpya huhitaji kutumiwa kwa upole mwanzoni, bila mzigo mzito, kwa kuwa hupata joto. Bali sauti ya vibaya vilivyofungwa haipungui kwa mwendo, huzidi, hata siku jino likatike.

Liko kosa jingine linalozaa sauti hii hii bila difu kufunguliwa yote. Sili ya pinioni ikivuja, fundi hufungua nati kubwa ya mbele, huweka sili mpya, kisha huirudisha nati kwa nguvu zake zote. Katika difu nyingi mna bomba fupi jembamba la chuma nyuma ya nati ile, lililotengenezwa libonyee kiasi kilichopimwa ili beringi zibanwe sawasawa. Likibonywa kupita kiasi halirudi. Beringi hubanwa mno, hupata moto, hulia, hufa. Likibonyezwa pungufu, pinioni hucheza. Kwa hiyo ukisikia uvumi mpya baada ya “sili tu, mzee,” usikubali kwamba sili haiwezi kuleta uvumi.

Kunguruma ni sauti nzito, kama mawe ya kusagia. Haijali sana kama unakanyaga mafuta au umeachia. Hufuata mwendo wa gari tu. Hiyo ni beringi. Ili kujua ni ya upande gani, liyumbishe gari kidogo kushoto na kulia, kwa adabu, mahali pasipo mtu. Ukigeuza kushoto, uzito hulalia magurudumu ya kulia. Kama ngurumo imezidi, beringi ya kulia yashukiwa. Ukigeuza kulia, kinyume chake. Kama haibadiliki kwa kuyumbishwa, huenda ikawa ni beringi za ndani ya difu yenyewe.

Lakini ngoja. Matairi mapya yenye meno makubwa nayo hunguruma, tena sana, na watu wamefunguliwa difu nzima kwa ajili ya matairi. Ondoka kwenye lami, uingie barabara ya udongo kwa mwendo ule ule. Sauti ya tairi itabadilika, kwa sababu ardhi imebadilika. Sauti ya chuma kilicho ndani ya ekseli haijali ukanyage nini. Jaribio hili halina gharama hata senti, nasi huku kwetu tumejaliwa barabara za namna zote mbili.

Kugonga husikika mara moja unapoondoka, au unapotoka kurudi nyuma na kwenda mbele. Hapo tazama kwanza viungo vya propela, kisha bolti zake, kisha yubolti zilizofunga ekseli kwenye springi. Mtu akae chini kando ya gari, salama, huku dereva akikanyaga breki na kuachia klachi polepole mbele na nyuma. Jicho litaona kile kinachoruka. Ikiwa kugonga kwatokea kwenye kona peke yake, na barabara iliyonyoka ni kimya, zile gia ndogo za ndani ya kasha la krauni ziangaliwe.

Kutetemeka ni jambo lake peke yake. Gari laenda vizuri hata kilomita 60, na likifika 70 au 80 sakafu hutetemeka chini ya miguu. Kilomita 80 kwa saa ndio ukomo uliowekewa magari ya abiria, maana yake matatu hushinda kutwa nzima katika mwendo ule ule unaoivunja. Kabla ya lami wengi hawakuujua ugonjwa huu, kwa kuwa hapana gari lililoweza kufika mwendo huo likapona. Mara nyingi chanzo ni propela. Iliposhushwa haikutiwa alama, ikarudishwa imegeuka, na viungo vyake vya mbele na nyuma havitazamani tena kama vilivyotazamana kiwandani. Dawa yake ni chaki. Mstari mmoja wa chaki au wa rangi, juu ya propela na juu ya kiungo chake, kabla ya spana kugusa kitu. Na kama springi nazo zilibadilishwa, huenda difu imeinama kuliko ilivyokuwa, pua yake ikatazama juu au chini, na propela ikafanya kazi kwa pembe isiyo yake.

Hapo nimefika kwenye springi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana malori yetu ya mchanga na pikapu za maembe hupakiwa kupita kiasi na springi ndizo hulipa. Mabamba ya springi yameshikwa pamoja na bolti moja ya katikati, iitwayo senta bolti, na kichwa cha bolti hiyo huingia katika tundu la ekseli. Kichwa kile ndicho kiiambiacho ekseli, “Kaa hapa.” Kikikatika, au fundi akifunga yubolti kabla ya kichwa kuingia tunduni, ekseli hurudi nyuma upande mmoja. Gari basi huenda mshazari, kama mbwa akimbiavyo, mbele kunatazama njia na nyuma kunatazama majani. Usukani huvuta, matairi huliwa upande mmoja, na dereva humlaumu fundi wa usukani asiye na hatia.

Vitabu husema upimwe kwa mashine. Sisi tuna kitu kilicho bora, yaani mchanga. Liendeshe gari pole pole, limenyooka, juu ya mchanga laini wa mto mkavu au vumbi jipya la barabarani, hatua thelathini hivi. Shuka utazame nyayo. Yawezekana magurudumu ya nyuma yakawa yameachana zaidi au kidogo kuliko ya mbele. Hilo si kosa. La kutazama ni kama nyayo za nyuma zimekaa sawasawa kuhusiana na za mbele, kushoto kama kulia. Zikiwa zimesogea zote upande mmoja, ekseli haikukaa mahali pake. Kisha hakikisha kwa kamba: pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hata katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, magurudumu yakiwa yamenyooka, peleka kamba ile ile upande wa kulia. Vipimo viwe sawa. Na yubolti zilizofungwa leo hulegea kidogo mabamba yanapokwisha kulaliana chini ya mzigo. Kwa hiyo zikazwe tena baada ya kilomita mia chache za kwanza, nazo nati za magurudumu zikazwe baada ya kilomita 50 hata 100. Huyo fundi akikuambia “njoo Jumatatu nikaze tena,” si mvivu aliyeacha kazi, ndiye anayeijua kazi.

Sasa oili. Oili ya difu hujazwa mpaka ifike ukingo wa tundu la kujazia, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Gia za difu za siku hizi hukutana kwa kusuguana sana; namna hiyo ililetwa katika motokaa na kampuni ya Packard ya Marekani mwaka 1926, nayo huhitaji oili iliyotengenezwa kwa gia hizo, si oili ya injini wala iliyochanganywa kwenye mkebe. Wazee watakumbuka Peugeot 404, ile iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Zile za kwanza zilikuwa na gurudumu la shaba nyeusi ndani ya difu, na oili ifaayo difu nyingine iliweza kuila shaba hiyo. Nimelitaja ili mjue ya kuwa “oili ni oili” ni neno la mtu asiyesoma kitabu cha gari lake.

Kila difu ina tundu dogo la kupumulia. Huku kwetu vumbi huliziba. Likizibwa, hewa ya ndani hupata joto, hukosa njia, nayo huisukuma oili ipite kwenye sili, hata sili iliyowekwa jana. Basi mtu hubadili sili mara tatu, humtukana muuza spea kwamba ni bandia, kumbe tatizo ni tundu lisilojaa kichwa cha kiberiti. Mwezi wa Novemba, mito kama Tiva na Thua inaposhuka, ubaya huja kwa njia nyingine. Ekseli yenye joto ikiingia katika maji baridi, hewa ya ndani hunywea, na tundu au sili iliyochoka huvuta maji ndani. Ukivuka maji yaliyofika juu ya ekseli, fungua utazame oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, mwaga yote, kwa maana beringi zitakula kutu kabla ya Krismasi.

Na sili ya hafushafti ikivuja, oili huingia ndani ya dramu ya breki. Utasikia harufu ya kuungua, breki zitavuta upande, na ukuta wa ndani wa tairi utakuwa na weusi wa oili. Hapo ndipo ule ubaya mkubwa huanza, nami nataka niutolee mfano. Tuseme HiAce ya Mutomo inavuja sili. Fundi achomoa hafushafti, akata pete ya zamani na beringi, aweka mpya. Hana mashine ya kushindilia, kwa hiyo aichoma pete kwa moto wa gesi hata iwe nyekundu ili ipanuke, au, vibaya zaidi, aitumia tena pete ya zamani kwa kuwa “bado ni nzima.” Chuma kilichofanywa chekundu hulainika, na pete iliyowahi kutolewa haishiki tena kama mara ya kwanza. Gari laondoka kimya. Siku nyingi zapita kimya. Kisha kwenye kona husikika mgongo mdogo, tk, tk, na dereva asema ni mawe.

Hilo ndilo la kutafuta kabla ya safari. Weka gari mahali tambarare, ziba magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa, inua nyuma kwa jeki kisha uweke vigingi imara chini ya ekseli. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Wala usiwashe injini na kutia gia gurudumu moja likiwa chini. Difu itageuza moja la juu, na lile la chini laweza kukurushia gari. Shika tairi juu na chini, uvute nje na kusukuma ndani. Kisha linganisha nafasi iliyo kati ya dramu na bamba lililo nyuma yake, kushoto na kulia. Nafasi ya upande mmoja ikiwa imezidi kuliko jana, hafushafti inatoka. Gari hilo lisiende hata steji.

Baada ya mwendo, karibia pia katikati ya kila gurudumu la nyuma na udondoshe tone la maji badala ya kidole. Upande mmoja ukichemsha maji na mwingine usifanye hivyo, ama beringi imebanwa mno ama breki zinakwaruza. Inua uzungushe kwa mkono: gurudumu likiwa zito, legeza breki ya mkono na breki za ndani kwanza, likipata wepesi, fundi alikaza breki mno, na hilo ni kosa la dakika kumi.

Wengi wetu hununua difu nzima iliyotumika, iliyotoka Japani, huko Nairobi katika Kirinyaga Road. Si vibaya. Lakini difu mbili za umbo moja zaweza kuwa na hesabu mbili za meno. Inua magurudumu yote mawili, tia alama ya chaki, yazungushe yote pamoja mara moja kamili, na uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikiwa gari lako huvutwa na magurudumu yote manne, hesabu ya nyuma na ya mbele lazima ziwe moja, la sivyo ekseli hizo mbili zitapigana barabarani na moja itavunjika.

Juu ya haki ya mwenye gari nitasema machache. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu yake maalumu juu ya matengenezo ya magari, na ndani yake mna habari za makisio ya gharama na za kurudishiwa vyuma vilivyotolewa. Kwa hiyo omba bei iliyoandikwa, na omba mapema vyuma vya zamani. Usivitupe. Beringi iliyotolewa ina ushahidi: ikiwa na vidonda kwenye njia ya gololi, ilichoka, ikiwa ya buluu, ilikosa oili au ilibanwa. Na plagi ya chini ya difu, ambayo mara nyingi ina sumaku, itazame kila oili inapomwagwa. Uji mwembamba wa kijivu ni kawaida. Kipande cha chuma ambacho kidole chaweza kukitambua si kawaida, hata gari likiwa kimya.

Kabla ya kuanza mzee mmoja aliniuliza kama gari lenye ugonjwa huu laweza kuvutwa kwa kamba kutoka Ikutha hata Kitui. Jibu lategemea ekseli yake, ndiyo maana nilitangulia kuzitaja mbili. Lori lenye hafushafti isiyobeba uzito, kama beringi zake za magurudumu ni nzima, lifunguliwe yale mabamba ya duara, hafushafti zichomolewe, matundu yazibwe vumbi lisiingie, nalo litavutwa huku difu iliyovunjika imepumzika. HiAce na pikapu haiwezekani, kwa kuwa ukichomoa hafushafti umechomoa gurudumu. Hiyo iinuliwe nyuma, au ipakiwe juu ya lori jingine, na abiria watafutiwe gari la pili.